Kimoja Kiseme, Kingine Kipokee

Msomaji wa taarifa ya habari alisema "habari za jioni" akiwa bado amefumba mdomo. Kisha ndipo midomo ikafunguka, ikacheza kama inayotafuna, wala haikutoka sauti, kwa sababu maneno yalikuwa yameshapita.

Seremala aliyekuwa akitazama aliweka kikombe chini. Mtaani walimwita Rula kwa kuwa hakujua kupinda. Mteja akimwuliza kama mbao imekauka, na haijakauka, atamwambia haijakauka, na mteja aende zake. Tabia hiyo ilimpa heshima nyingi na wateja wachache.

"Mama Chiriku," alimwita mkewe, "hebu njoo umwone huyu bwana. Anasema kabla hajasema."

Mkewe alichungulia kutoka jikoni, mikono imejaa povu. "Si wewe uliyetaka cha kugawana? Cha kugawana hakikosi kilema."

"Labda anawahi bathi, Baba," alisema binti yao.

Huyo ndiye Chiriku mwenyewe. Alikuwa na miaka saba, na meno mawili ya mbele yalikuwa yamemtoka, basi kila penye "s" yeye aliweka "th", na hilo halikumzuia kusema kuanzia anapoamka hadi usingizi unapomkata katikati ya sentensi. Walicheka wote watatu. Rula alizima televisheni akaiwasha tena. Sauti ikaendelea kutangulia, kidogo tu, kama kope inavyopepesa.

Waya ulikuwa na siku tano tangu uunganishwe.

Ilikuwa hivi. Rula na kaka yake waliishi katika nyumba moja ya marehemu baba yao, iliyokatwa katikati kwa ukuta wa tofali moja. Upande wa pili alikaa kaka na mkewe. Kaka alikuwa fundi wa madishi, mtaa mzima ukimwita Fundi. Juu ya bati lake lilisimama dishi kubwa la kijivu. Rula alikuwa na televisheni na king'amuzi, ila dishi hakuwa nalo.

"Mdogo wangu, ya nini kutoboa bati mara mbili?" Fundi alimwambia siku moja, mwenyewe, bila kuombwa. "Dishi langu linatosha nyumba mbili. Naweka kigawanyo kidogo hapa juu, waya mmoja unakuwa miwili. Ila king'amuzi changu ndicho kitakachosema na dishi. Chako kitasikiliza tu. Vikisema vyote viwili, vinagombana, hakuna atakayeona kitu. Kimoja kiseme, kingine kipokee."

Rula alishukuru sana. Miaka miwili kaka yake alikuwa mtu wa kununa, na mwenye kununa alikuwa na haki yake. Mkewe, ambaye Chiriku alimwita Mama Mkubwa, alikuwa amekauka sauti ghafla, mwanamke mzima mwenye afya. Hospitali tatu zilimchungulia koo zikaliona zima. Akawa anagonga kijiko kwenye sufuria anapotaka kumwita mumewe. Kwa hiyo Rula alipomwona kaka amepanda juu ya bati, anatoboa ukuta, anavuta waya huku anapiga mluzi, alisema moyoni kwamba ndugu ni ndugu.

Sasa, kila aliyewahi kutegewa dishi anajua maneno yake. Fundi juu anauliza "imeshika?", wa chini aliye mbele ya televisheni anajibu "bado", "bado", mpaka picha itulie aseme "imeshika". Ndivyo fundi huyu alivyofanya maisha yake yote. Lakini siku ile, picha ilipotulia, hakuuliza hivyo. Aliinamia ukingo wa bati akauliza:

"Umepokea?"

"Imeshika, Kaka. Inang'aa."

"Nimekuuliza, umepokea?"

"Nimepokea basi."

"Umepokea?"

"Nimepokea, Kaka, umekuwa kiziwi huko juu?"

"Umepokea?"

Na Rula, mtu asiye na hila, akacheka akapaza sauti ili mtaa mzima usikie mapenzi ya ndugu wawili. "Nimepokea, na kwa mikono miwili."

Fundi aliposhuka, hakunywa hata maji aliyowekewa.

Siku ya saba Rula alikuwa uani akipiga randa mlango wa mteja. Jua lilikuwa utosini. Akamsikia Chiriku ndani: "Baba, nimejikata."

Alitupa randa akakimbia. Alimkuta mtoto amekaa sakafuni na mkasi, anakata karatasi za maua, vidole vyote kumi vizima.

"Umejikata wapi?"

Mtoto aliinua uso kwa mshangao, kama aliyeulizwa kitu asichokijua, na mkono wenye mkasi ukateleza. Damu ikaruka kwenye karatasi. Chiriku alifungua mdomo, na Rula akaiona midomo ile midogo ikiunda neno kwa neno, Baba, kisha nimejikata, pole pole, yote, bila hata mlio wa pumzi. Televisheni ilikuwa imezimwa. Ila pale waya ulipopenya ukuta palitoka harufu ya mvua ya kwanza inapopiga bati la moto, na nje kulikuwa na kiangazi cha miezi minne.

Alimfunga kidole. Hakumwambia mkewe alichokiona. Mkewe naye, ilikuja kujulikana, alikuwa na siku mbili za kuitwa "Mama" kutoka sebuleni wakati mtoto yuko shuleni, naye hakumwambia mumewe. Watu wawili wakweli, kila mmoja akamficha mwenzake kwa huruma.

Tangu hapo sauti ya Chiriku ilizidi kumkimbia. Mwanzo ilimtangulia kwa kupepesa jicho, kisha kwa pumzi nzima, kisha kwa muda wa mtu kutoka mlangoni hadi jikoni, hata ikawa akisalimia asubuhi salamu yake imeshasikika alipokuwa bado amelala, na akilia, kilio kimeshapita ukutani na kunyamaza kabla ya chozi la kwanza. Mwisho wake mtoto alikuwa anafungua mdomo na ndani hamna kitu, kwa sababu maneno yake ya siku nzima yalikuwa yamesemwa yote alfajiri, upande wa pili wa ukuta, kwa sauti ya chini, mfululizo, kama mtu anayesoma orodha. Chiriku akaacha kujaribu. Akawa anakaa pembeni ya kabati, ameziba masikio.

Na siku hiyohiyo aliyoacha, Mama Mkubwa alitokea mlangoni kwa Rula na chujio mkononi, machozi yanamtiririka.

"Shemeji," alisema. "Nathema. Nimeamka nathema."

Rula aliruka akamshika mikono. Mama Chiriku alitoka mbio akamkumbatia wifi yake. Miaka miwili jamani. Walimkalisha, wakamletea chai, na yeye akasema na kusema, habari za ndoto zake, habari za mbaazi, habari za nini, akacheka mwenyewe kwa raha ya kujisikia.

Mama Chiriku ndiye aliyesikia kwanza. Aliweka birika mezani taratibu.

"Wifi," aliuliza, "meno yako yote yapo?"

"Yapo yote."

"Hebu sema sukari."

"Thukari. Kwa nini?"

Chiriku alikuwa ameondoka pembeni ya kabati. Alikuja akasimama mbele ya Mama Mkubwa akamtazama mdomo, jinsi mtoto anavyotazama kitu chake mkononi mwa mtoto mwingine.

Jioni hiyo Rula alipanda na koleo akakata waya, akaung'oa ukutani wote, akauzungusha akautupa uani. Ilimsaidia kama kumpaka mfu poda. Alipoingia ndani, televisheni isiyo na waya wala umeme ilikuwa inanong'ona, na alichokisikia ni yeye mwenyewe akisema, "Mke wangu, tumekwisha." Akasimama pale kwa woga, akijitahidi kwa nguvu zote asiyaseme. Kisha mdomo wake ukafunguka wenyewe ukayatamka bila sauti.

Kesho yake asubuhi walimpeleka mtoto kwa mkunga mstaafu, mama mmoja mnene aliyezalisha nusu ya mtaa na aliyejua pia mambo mengine ambayo hospitali haikumfundisha. Walimkuta anachambua maharage. Alimfungua Chiriku mdomo, akanusa.

"Mvua," alisema. "Nani alilikaribisha?"

"Hakuna aliyekaribisha kitu," alisema Rula.

"Usinipotezee muda, baba. Jini halipiti bila mlango, na mlango wa binadamu ni mdomo wake. Kuna siku mmoja wenu alipewa kitu akakubali mara tatu. Ulipokea nini?"

Neno hilo lilimwingia Rula kama msumari kwenye mbao mbichi. Alikaa chini bila kuangalia kama kuna kiti. Akaiona tena siku ile, kaka ameinama kwenye ukingo wa bati, uso hauonekani kwa sababu ya jua, anauliza neno ambalo si la kazi yake. Akakumbuka na maji ambayo kaka hakuyanywa, akamsimulia mkunga yote, hadi kithembe cha shemeji.

"Dishi lile alilipata wapi?" mkunga aliuliza.

Mama Chiriku ndiye aliyejua. Mama Mkubwa aliwahi kumwandikia kwenye karatasi. Fundi alilifungua juu ya nyumba moja iliyohamwa. Alilikuta tu.

"Watu hawahami wakaacha dishi," alisema mkunga. "Huacha kilichomo. Sikilizeni. Hilo ni jini la sauti. Nyumba linamokaa hula sauti ya mtu mmoja, na iliyoliwa hairudi. Lakini anayelipatia nyumba mpya, humlipa. Humletea sauti kutoka huko alikolipeleka. Kaka yako amelihamishia kwako, na limemlipa."

"Nifanye nini?"

"Lirudi lilikotoka, kwa mlango uleule. Mmoja wenu aulize, mtu wa nyumba ile apokee, mara tatu. Na fanya haraka. Sauti ikishazoea koo jipya, haing'oki. Huyo shemeji yako bado ana kithembe cha mtoto?"

"Bado."

"Siku atakayosema 'sukari' ikanyooka, msinifuate tena."

Njiani Mama Chiriku aliongea kwa kunong'ona, mtoto akiwa mgongoni mwake kama gunia la mchanga, mzito na kimya. "Panda juu ya bati. Mwambie unataka kurudisha waya. Mwulize alivyokuuliza. Atajibu kabla hajafikiri."

"Nimtege?"

"Yeye alikufanya nini?"

"Ndiyo maana sitaki. Nitamwuliza uso kwa uso, na ajue anaulizwa nini."

Mkewe alisimama katikati ya njia. "Baba Chiriku, miaka kumi nimevumilia unyoofu wako. Umetukosesha wateja, nikanyamaza. Umemwambia mama yangu kwamba sahani zake ni chafu, nikanyamaza. Leo unyoofu wako ukiniulia mwanangu, sitanyamaza."

Rula alishika njia ya nyumbani.

Walipofika, Mama Mkubwa alikuwa barazani kwake anapepeta mchele. Aliwaona akatabasamu. "Mmetoka wapi saa hizi na jua hili, shemeji? Mbona nyuso zimewashuka, kuna msiba?"

Zile "s" zote zilinyooka. Mbili, tatu, zimenyooka kama za msomaji wa habari. Mama Chiriku alitoa mguno mdogo, akamshusha mtoto, akakaa kwenye vumbi.

"Kaka yuko wapi?" aliuliza Rula.

Fundi alitokea mlangoni. Alitazama waya uliokatwa uani, akamtazama mdogo wake, akajua kwamba siri imejulikana.

"Umenipa nini, Kaka?"

"Dishi."

"Nimekuuliza ulinipa nini."

Fundi alijifuta uso kwa kiganja. "Miaka miwili, mdogo wangu. Wewe unajua miaka miwili ya kusikia vijiko tu? Ukutani nawasikia nyinyi, mnacheka, mnagombana, yule mtoto anaimba. Nalala na mtu anayenitazama tu. Nikaambiwa likipewa nyumba nyingine, atasema. Nilidhani litakuchukua wewe. Wallahi nilidhani litakuchukua wewe. Wewe huna maneno mengi, na uliyonayo watu hawayapendi."

Alisema hivyo bila kebehi, kama fundi anayeeleza kwa nini amepitisha waya upande huu. Ndicho kilichomuumiza Rula kuliko yote. Kaka yake alikuwa amekaa, akapima, akakata.

"Sasa nakuuliza mbele ya watu," alisema Rula. "Sikutegi. Ninachorudisha unakijua. Umepokea?"

Fundi alifumba mdomo. Alibana midomo hadi ikawa myeupe.

"Kaka. Umepokea?"

Fundi alitikisa kichwa. Akaweka na mkono juu ya mdomo, kwa uhakika, akarudi nyuma hatua moja, na harufu ya mvua ikawa inapanda barazani, nzito, pasipo wingu, na kutoka ndani ya nyumba, katika chumba ambacho hakikuwa na mtu, sauti ya Chiriku ikaanza kuhesabu jina la kila mmoja aliyekuwepo pale, Baba, Mama, Baba Mkubwa, Mama Mkubwa, tena na tena, kila mara karibu zaidi na mlango.

"Hii ni thauti ya nani?"

Aliyesema ni Mama Mkubwa. Ungo ulikuwa umemtoka mikononi, mchele umetapakaa miguuni. Kwa hofu, kithembe kilikuwa kimemrudia mara moja.

Alimtazama mumewe, na mumewe akaangalia ukuta. Alimtazama Chiriku, aliyekuwa amefungua mdomo anaita mama yake, shingo imemkakamaa, na hakuna kinachotoka. Mama Mkubwa akajishika koo kwa vidole viwili kama anayeshika nguo ya kuazima.

"Uliniambia ni dawa," alimwambia mumewe. "Uliniambia dawa imekubali."

"Mke wangu, nyamaza. Ingia ndani. Usijibu kitu, nakuomba, usijibu."

"Nimenyamatha miaka miwili. Kunyamatha nakujua." Akageuka kwa Rula. "Shemeji, niulithe mimi. Mimi ni mtu wa nyumba hii."

Rula alishindwa. Mtu mnyoofu yule aliona ni nini anachomwomba mwanamke huyu, na mwanamke huyu hakumkosea lolote. Ni Mama Chiriku aliyeuliza, kutoka pale vumbini, akilia.

"Wifi. Umepokea?"

"Nimepokea."

"Usimjibu," Fundi alisema.

"Umepokea?"

"Nimepokea."

"Umepokea?"

Mara ya tatu walilisikia neno hilo kabla hajafungua mdomo. "Nimepokea, na kwa mikono miwili." Kisha ndipo midomo yake ikafunguka, ikayafuata maneno hayo moja moja, na ilipomaliza, alibaki ameinyoosha mikono yake mbele, viganja juu, kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga.

Chiriku alikohoa. "Mama," alisema, "mchele wote umemwagika. Nani atauchambua thatha?"

Midomo na sauti vilikwenda pamoja.

Rula hakugombana na kaka yake. Aliongeza tofali la pili kwenye ukuta, akauza televisheni, akatengeneza kibenchi akakiweka mpakani, nje kabisa. Kila alasiri Mama Mkubwa hutoka akakaa hapo na kazi yake, na Chiriku humsimulia shule nzima. Meno yameshaota. Humwekea hata majibu: "Utasema ni uongo, Mama Mkubwa, lakini ni kweli." Mama Mkubwa hutikisa mabega, na huko ndiko kucheka kwake.

Mwezi wa tatu baada ya hapo, Fundi alikuja kwenye karakana. Alikuwa amekonda. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, asiingie wala asiondoke. Rula aliendelea na randa.

"Mdogo wangu, nisamehe."

Ilikuwa sauti ya kaka yake, ileile iliyomfundisha kushika msumeno. Ilimgusa. Randa ilisimama, na neno lilikuwa limeshamfika ulimini, kwa sababu hasira ya ndugu haina mizizi mirefu. Akainua uso amjibu.

Fundi alikuwa amefumba mdomo. Alisimama hivyo, akitazama chini, kwa muda wa mtu kuvuta pumzi. Kisha midomo ikafunguka, ikacheza pole pole, bila sauti: mdogo wangu, nisamehe.

Karakana ilinuka mvua.

Rula alikumbuka kwamba mlango wa jini ni mdomo, akalimeza neno lake akainamia mbao. Mpaka leo hajui aliyemwomba msamaha ni nani, na kaka yake bado huja, husimama palepale mlangoni, husubiri kujibiwa.